Mpiganaji Naye ni Mfanyakazi

Januari 2023, Francis Ngannou wa Kamerun, bingwa wa uzito wa juu wa mapigano ya ngumi, mateke na mieleka, aliachana na kampuni ya UFC ya Marekani bila kupokonywa taji ulingoni. Promota wake, Bwana Dana White, alitangaza hadharani kuwa bingwa huyo alitaka wapinzani hafifu na malipo makubwa.

Madai ya Ndugu Ngannou yalikuwa mengine: bima ya afya kwa wapiganaji, na msemaji wao katika vikao vya uongozi. Hayo ni madai ya mfanyakazi yeyote. Aliyechimba mchanga utotoni huko Batié anajua kwamba mwili ndio jembe la maskini. Likivunjika, mwenye shamba hutafuta jingine.

Watasema mkataba ni mkataba. Mbona basi mwaka 2024 wamiliki wa UFC walikubali kutoa dola milioni 375 kumaliza kesi ya wapiganaji waliodai kuwa ujira wao ulikandamizwa?

Ngannou alikuwa na jina, akaondoka. Asiye na jina hana pa kwenda. Huyo hatakombolewa na ushujaa wa mtu mmoja, bali na chama cha wapiganaji wenyewe. Umoja ni nguvu, hata ulingoni.