Siku sita za Kagera: Nani aseme kwanza, serikali au WHO?

Januari 14, 2025, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilisema linahofia mlipuko wa Marburg mkoani Kagera. Watu tisa walishukiwa kuugua na wanane kati yao walikuwa wamefariki. Kesho yake Wizara ya Afya ikajibu: sampuli zimepimwa, hakuna aliyekutwa na virusi hivyo.

Januari 20 mambo yakabadilika. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza akiwa Dodoma kwamba mgonjwa mmoja amethibitika. Aliyekuwa naye pale ni bosi wa WHO mwenyewe, Dk. Tedros Adhanom Ghebreyesus, ambaye alitangaza dola milioni 3 za kusaidia kupambana na mlipuko huo.

Sasa jiulize. Ungekuwa mkazi wa Biharamulo, mtoto ana homa kali ndani, siku hizo sita ungemsikiliza nani?

Hilo si swali la Marburg peke yake. Tulikutana nalo wakati wa korona, na lilitugharimu.

WHO haina funguo

Mitandaoni utasikia kwamba WHO "imeilazimisha" nchi fulani. Ukweli ni kwamba haina ubavu huo.

Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinaitaka nchi iliyotathmini tukio na kuona linaweza kuwa tishio la kimataifa itoe taarifa WHO ndani ya saa 24. WHO ikisikia fununu kutoka kwingine, inaweza kuiomba serikali ithibitishe. Serikali ikikaa kimya? Hakuna faini wala polisi. Shirika haliwezi kujiingilia tu kwenye maabara ya nchi.

Kinachobaki ni mahusiano. Ndiyo maana WHO na UNICEF zina ofisi nchini, na watu ambao sehemu kubwa ya kazi yao ni simu, vikao na barua na wizara. Kazi hii haipigwi picha, lakini bila hiyo hata boksi la glavu halifiki.

Mlango ukifungwa

Mei 2020 takwimu za korona Tanzania zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Namba hiyo ikabaki hivyo hivyo kwa zaidi ya mwaka. Rais wa wakati huo, John Magufuli, alitilia shaka vipimo, na Januari 2021 akatilia shaka chanjo pia. Siku chache baadaye Wizara ya Afya ikasema haina mpango wa kupokea chanjo.

Majirani walikuwa na safari nyingine. Machi 3, 2021 Kenya ilipokea dozi zaidi ya milioni moja kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo.

Kumbuka, COVAX haikuwa inashusha mzigo popote inapotaka. Serikali ilipaswa kuomba, kuandaa mpango wa kitaifa wa utoaji chanjo na kukubali masharti ya kisheria. Baada ya hapo ndipo UNICEF inashughulikia manunuzi na usafirishaji. Bila ombi la serikali, hakuna ndege.

Mlango ukifunguliwa

Samia aliingia madarakani Machi 2021, akaunda kamati ya wataalamu, na katikati ya mwaka Tanzania ikaomba kujiunga na COVAX. Julai 24, 2021 zikatua Dar es Salaam dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson, msaada wa Marekani kupitia mpango huo. Siku nne baadaye Rais akachanjwa mbele ya kamera.

Mashirika yalikuwa yale yale, na ofisi zao zilikuwepo muda wote. Kilichobadilika ni jibu la serikali. Ila hesabu mwenyewe: kutoka Machi 3 hadi Julai 24 ni karibu miezi mitano. Na chanjo ilipofika, ilikutana na watu walioambiwa kwa miezi kadhaa kwamba hawaihitaji. Januari 2022 Tanzania ilikuwa kati ya nchi 34 ambazo waliochanjwa hawakuzidi asilimia 10. Yaani dozi unaweza kuzisafirisha kwa ndege, imani ya watu huwezi.

Serikali huogopa nini?

Tuwe wa kweli: kusema mapema kuna gharama. Novemba 2021 Afrika Kusini iliripoti kirusi kilichokuja kuitwa Omicron. Ilifanya kile hasa ambacho kanuni zinataka. Shukrani yake? Ndani ya siku chache nchi kadhaa zikafunga safari kutoka huko, licha ya WHO kutoshauri hivyo. Nchi inayoishi kwa utalii ikiona hayo, inapata sababu ya kusubiri kidogo kabla ya kusema.

Mashirika nayo yana mtihani wao. Yakisema hadharani, yanaweza kufungiwa mlango. Yakinyamaza kulinda uhusiano, mwananchi anabaki gizani. Februari 20, 2021 Tedros aliitaka hadharani Tanzania itoe takwimu, akisema ameshazungumza na viongozi kadhaa bila kupata taarifa. Ilikuwa zaidi ya miezi tisa tangu takwimu zisimame. Je, huo ni uvumilivu wa kidiplomasia au ni kuchelewa? Kwa familia zilizozika ndugu bila kuambiwa kilichowaua, jibu si gumu.

Kagera ilionyesha nini?

Safari hii WHO haikungoja miezi. Ilisema mapema, serikali ikakanusha, kisha wote wawili wakasimama jukwaa moja. Mlipuko ulitangazwa kwisha Machi 13, 2025, ukiwa na wagonjwa wawili waliothibitika na wanane waliodhaniwa kuwa nao. Wote kumi walifariki. Ni msiba, lakini haukuvuka Kagera.

Siku sita ni afadhali kuliko mwaka mzima. Bado si chache kwa nesi anayepokea wagonjwa bila kujua kama anahitaji vazi la kujikinga.

Mei 20, 2025 nchi wanachama wa WHO zilipitisha Mkataba wa kukabili majanga ya milipuko. Wenyewe unasema wazi kwamba haliipi WHO mamlaka ya kuamuru sheria za nchi wala kufunga shughuli. Kwa hiyo funguo zitabaki Dodoma, Nairobi na Kampala.

Basi mlipuko mwingine ukija, usiishie kuuliza WHO imesema nini. Uliza wizara yako: sampuli ngapi zimepimwa, lini, na majibu yametolewa lini? Hayo ndiyo majibu ambayo mama wa Biharamulo alikuwa anayahitaji tangu siku ya kwanza.