Mirerani si Jangwa

Jamani, tusidanganyane. Kundi letu la wasomaji hapa Moshi lilifanya matembezi ya siku moja kwenda Mirerani, na tangu turudi nimesoma insha nne za wenzangu kuhusu safari ile. Zote nne zina neno "jangwa". Tatu zina neno "ukimya". Moja imekwenda mbali zaidi, imepaita pale "kaburi la enzi iliyopita". Mwandishi wake ni rafiki yangu, kwa hiyo namsema nikijua Jumamosi tutakutana.

Enzi ipi hiyo iliyopita? Wakati sisi tunatembea nje ya ukuta, tunakunywa maji ya chupa na kulalamikia vumbi, chini ya ardhi ile watu walikuwa kazini. Ukuta wenyewe una urefu wa kilomita 24.5, ulijengwa na jeshi na kuzinduliwa Aprili 2018. Nani anajengea ukuta kitu kilichokufa? Juni 2020 Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa hapo hapo, aliiuzia serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74. Kaburi gani hilo?

Na jangwa liko wapi? Simanjiro ni nchi kavu, sibishi. Mtu aliyezoea migomba na mifereji ya Kibosho, akishaupita uwanja wa KIA akaanza kuona migunga na vumbi tupu, lazima ashtuke. Lakini yale ni malisho. Tulipishana na ng'ombe mara mbili, na mara zote mbili sisi ndio tuliosimama pembeni. "Jangwa" ni neno la mtu anayetaka mahali pawe patupu ili yeye apate nafasi ya kujitafakari. Ndiyo maana insha zote nne zina mtu anayetafakari, na hakuna hata moja yenye mtu anayechimba.

Halafu kuna ile hadithi ya radi. Mbili kati ya insha hizo zimeirudia: eti radi ilipiga, nyika ikaungua, wafugaji wakakuta mawe ya kahawia yamegeuka buluu. Ni kweli kwamba tanzanaiti nyingi hutoka ardhini ikiwa ya kahawia, na buluu ile huja ikishapashwa moto. Lakini hadithi hii wauza vito wanaipenda kwa sababu ina kila kitu isipokuwa jasho. Jiwe linajileta lenyewe, hakuna anayedai.

Wanaodai wapo. Jumanne Ngoma alisema ndiye aliyeyaona mawe yale kwanza, mwaka 1967. Maandishi mengi ya nje yanamtaja Manuel de Souza, fundi cherehani wa Arusha, mwaka huo huo. Mwaka 1968 Tiffany wa New York wakalipa jiwe jina la nchi yetu. Ngoma akaja kupewa shilingi milioni 100 na Rais Magufuli mbele ya watu, siku ile ile ya kuzindua ukuta, akafariki Januari 2019. Zaidi ya miaka hamsini mtu anasema "ni mimi"! Hapo kuna riwaya nzima imekaa inamsubiri mwandishi, sisi tunaandika radi.

Lakini kilichoniudhi hasa ni dereva wetu. Tuliposhuka kupiga picha, yeye alibaki ndani ya gari. Nikarudi kumuuliza, "Vipi kaka, hushuki?" Akanijibu bila kunitazama: "Mjomba wangu yuko chini huko tangu tisini na nane. Sipigi picha." Aprili 1998, mvua za El Niño, maji yaliingia mashimoni na kuua makumi ya wachimbaji. Machi 2008 yakaingia tena, yakaua tena. Vijana kutoka kila kona ya nchi, wakiwemo wa kwetu huku mlimani, waliitwa apolo na kushuka kwa kamba. Watoto waliopenya matundu membamba waliitwa nyoka. Nyoka! Lugha ilishafanya kazi yake pale kabla mshairi yeyote hajafika, nasi tumeipita tukitafuta maneno ya kueleza machweo.

Yule dereva tulikuwa naye siku nzima. Alikula nasi. Hayumo katika insha hata moja.

Rafiki yangu amenijibu kwamba fasihi si taarifa ya habari, na kwamba mwandishi ana haki ya kuona anachokiona. Sawa, haki hiyo anayo. Simwombi aandike takwimu za vifo. Namuuliza tu ilikuwaje macho yenye uwezo wa kueleza rangi saba za vumbi yakashindwa kumwona mtu aliyeketi kiti cha mbele. Huo si uhuru wa msanii, bwana, ni uvivu. Na mimi nimo: daftari langu la siku ile lina kurasa tatu za mandhari ya Meru na Kilimanjaro, na mstari mmoja wa dereva, nilioongeza usiku nikiwa nimesharudi nyumbani.

Nimependekeza turudi Mirerani bila matembezi wala kamera, tukae kwenye kibanda cha chai pale mjini, tuwasikilize apolo wakitoka kazini, chai juu yetu. Mpaka naandika haya, watu watatu wamesema watakuja. Dereva amesema atatupeleka, lakini atatushusha mjini na kutusubiri hapo hapo.