Mchoraji wa Magazeti Naye ni Mwalimu

Mwanafunzi wa fasihi aghalabu huweza kuwataja waandishi kumi bila ya kusita. Mtake amtaje mchoraji mmoja aliyewachekesha na kuwafikirisha Wakenya, naye hunyamaza. Amezoezwa kudhani kwamba mchoro wa gazetini ni pambo la maandishi, wala si kazi ya akili.

Tumtazame Terry Hirst. Alizaliwa Uingereza mwaka 1932, akaja Kenya mwaka 1965, akafundisha sanaa katika Chuo cha Kenyatta. Mwaka 1973 yeye na Hilary Ng'weno walianzisha jarida la Joe, lililodumu hadi mwaka 1979. Joe alikuwa mlalahoi wa Nairobi anayecheka ili asilie. Jarida lenyewe lilikuwa la Kiingereza, lakini Hirst alipobuni kibonzo chake alikiita Daddy Wasiwasi. Sikio lake lilikuwa limekwisha kuhamia mjini.

Katika miaka ya 1980 alichora katika mfululizo wa Pichadithi, uliosimulia visa kama vya Lwanda Magere na Abunuwasi. Jina hilo lastahili somo zima la isimu: "picha" na "hadithi" yameunganishwa, silabi moja ikadondoka, likazaliwa neno ambalo mtoto hulielewa bila ya kamusi.

Wako watakaouliza iwapo mgeni aweza kutusimulia ngano zetu. Nawajibu kwamba "picha" lenyewe limetoka Kiingereza na "hadithi" limetoka Kiarabu. Leo nani ayaitaye maneno hayo wageni? Neno hupata uenyeji kwa kutumika, na msanii vivyo hivyo. Frank Odoi alitoka Ghana, Gado akatoka Tanzania; Nairobi iliwapokea wote kwa kalamu zao.

Hirst alifariki mwaka 2015. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 sanaa iliondolewa katika mtihani wa KCPE, na somo lisilotahiniwa hupuuzwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza mwaka 2017, umeirudisha darasani. Basi walimu, kuanzia Muthangari hadi Mandera, wasiishie kugawa kalamu za rangi. Wawafunze wanafunzi kukisoma kibonzo kama wasomavyo shairi: nani anachekwa, kwa nini, na ni lipi lililoachwa bila kusemwa. Nazo maktaba ziyatafute majarida hayo kabla ya mchwa. Mali bila daftari huisha bila habari.