Mama, Usikate Simu!

Nina jirani hapa Machakos ambaye mwanawe anasomea chuo kikuu kule Eldoret. Kijana apigapo simu jioni, mazungumzo hayafiki hata dakika moja. "Basi mwanangu, tusije tukachomeka ubongo," mama husema, kisha hukata. Juzi kijana alimuuliza dadake kama mama amemkasirikia.

Je, hofu ya mama huyu ina msingi?

Simu hutoa mawimbi ya redio. Tofauti na miale ya eksirei, haya hayana nguvu za kuharibu chembe za uhai mwilini moja kwa moja. Madhara yanayojulikana kwa hakika ni joto, tena mawimbi yakizidi mno. Ndiyo sababu tume ya kimataifa ya wataalamu, ICNIRP, iliweka kikomo mwaka wa 1998 na kukidumisha 2020: kichwa kisipokee zaidi ya wati 2 kwa kila kilo. Marekani kikomo ni 1.6.

Kikomo hicho si cha mapambo. Mwaka wa 2023 Ufaransa ilisimamisha uuzaji wa iPhone 12 ilipopimwa ikapatikana na wati 5.74, ilhali mkononi mwisho ni 4. Kampuni ilibidi irekebishe programu yake.

Na saratani? Mwaka wa 2011 watafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema "huenda" mawimbi haya yakaileta. Lakini uchunguzi ulioagizwa na shirika hilo hilo, uliotolewa 2024, ulipitia tafiti za miaka mingi na haukuona kwamba simu huleta saratani ya ubongo.

Hata hivyo, tahadhari haigharimu kitu. Tumia spika au waya za masikioni, kwani ukiisogeza simu kidogo tu, mawimbi yanayokufikia hupungua sana. Ukiwa bondeni nyuma ya vilima vya Iveti na mtandao ni hafifu, simu hutumia nguvu zaidi. Sogea penye mtandao mzuri. Nunua simu iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Wala usiilaze chini ya mto ikiwa kwenye chaji, maana hapo hatari ni moto.

Nilimweleza jirani haya yote. Jioni hiyo aliweka simu mezani, akawasha spika, akaongea na mwanawe hadi ugali ukapoa.

Nawe msomaji, ni nani unayemkatia simu? Mpigie leo. Tukutane Jumapili ijayo.