Ramani ya Maji na Shamba Letu

Wako wanafunzi wasemao kwamba ramani ni kazi ya mtihani tu, na ukiisha kuandika jibu lako huna haja nayo tena. Mimi pia nilikuwa mmoja wao hata muhula huu. Sasa nimegeuka, nami nitaeleza sababu, ingawa najua baadhi ya wazazi hawatapendezwa.

Mwezi wa Februari mwaka 2000, chombo cha Marekani kiitwacho Endeavour kiliizunguka dunia siku 11, kikipima kwa rada kimo cha milima na mabonde. Vipimo hivyo hutolewa bure, navyo vimeigawa nchi katika miraba ya mita 30 hivi kila upande. Mwalimu wetu wa Jiografia alivitia katika kompyuta yake kwa programu ya QGIS, ambayo nayo haiuzwi. Kazi yenyewe si uchawi. Kompyuta huuliza kila mraba: katika majirani zako wanane, yupi yuko chini kuliko wote? Maji huelekezwa huko. Kisha huhesabu miraba imwagayo maji mahali pamoja, na penye mingi huchora mto. Pale miraba inapopeana mgongo, ndipo maji yanapogawanyika.

Basi tuliiona milima yetu upya. Maji yashukayo magharibi huingia Ziwa Tanganyika, hutoka kwa mto Lukuga, hujiunga na mto Kongo, na kuishia katika bahari ya Atlantiki. Lakini mto Katuma, uanzao katika milima iliyo magharibi ya mji wa Mpanda, hushika njia ya Hifadhi ya Katavi hata Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto utokao. Yaani matone mawili ya mvua moja, yakianguka pande mbili za kilima kimoja, hayataonana tena! Katika masomo yote ya mwaka huu sikufurahishwa na jambo jingine kama hilo.

Tulijifunza pia kutazama umbo la bonde. Bonde la mviringo hukusanya maji ya vijito vyake karibu wakati mmoja, na mafuriko huja ghafula. Bonde refu jembamba huyaleta kidogo kidogo.

Sasa nafika penye uchungu. Juu ya ramani hiyo tuliweka picha za setilaiti ya Sentinel-2, ambazo huonyesha wazi palipolimwa. Shamba la baba yangu la mahindi na maharage limefika hata chimbuko la kijito, ndani ya zile mita 60 za ukingo zinazolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Wala hatuko peke yetu.

Maoni yangu ni haya: kijiji kinapopanga matumizi ya ardhi, kisitazame mpaka wake tu, bali kitazame bonde zima, na vijiji vinywao kijito kimoja vikae baraza moja. Mpaka wa kijiji uliwekwa na watu katika mkutano, maji hayakualikwa. Huko Katavi, wakati wa kiangazi, viboko hubanana katika madimbwi ya tope ya Katuma, na watafiti wametaja mifereji ya mashamba ya upande wa juu kuwa sababu mojawapo.

Wazee husema kompyuta haikuzaliwa Mwese. Ni kweli, na tena hukosea. Penye msitu mnene rada hupima karibu na vilele vya miti badala ya udongo, hivyo miti iliyosongamana kandokando ya kijito huonekana kama tuta. Mahali pamoja ramani yetu ilikipitisha kijito kando ya njia yake. Tulikwenda kwa miguu Jumamosi, tukalowa hata magoti, tukasahihisha kwa kalamu.

Baba hajakubali bado. Amesema atakuja siku ya wazazi, aone kwa macho yake mahali mstari ulipopita.