Kiriba Kikaguliwe Kabla ya Majani

Kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, vitalu vya miti ya mapambo vimepangana hatua kwa hatua: bogenvilia, yasmini, krotoni, miche ya ua. Mnunuzi hutazama majani, akaridhika, akalipa. Lakini shida kubwa ya kitalu hukaa chini, kwenye udongo.

Ndago, lile gugu sugu, inatosha kuwa mfano. Kibarua huing'oa asubuhi na kiriba, mfuko wa udongo wa mche, kikaonekana safi, ila viazi vyake vidogo vyeusi, vilivyoungana kama shanga kwenye uzi, hubaki chini. Baada ya siku chache vinachipua tena. Mche ukipandwa, ndago imeshahamia nyumbani kwa mnunuzi. Udongo ukichekechwa kabla ya kujazwa, viazi hivyo huonekana na kuokotwa. Ukitandazwa na unyevu wake chini ya nailoni angavu, juani, kwa wiki 4 hadi 6, joto hupunguza sana vimelea vya magonjwa na minyoo fundo, ile inayoacha vinundu kwenye mizizi. Viriba vikiwekwa juu ya kokoto, maji hayatuami na mizizi haiozi.

Wengi hukimbilia bomba la dawa. Afadhali wafuate kwanza mstari wa sisimizi kwenye shina la haibiskasi: mara nyingi unaishia kwa vidung'ata weupe waliojibana kwenye makwapa ya majani. Sisimizi hunywa majimaji matamu ya vidung'ata hao na kuwafukuza maadui wa vidung'ata. Sumu ikipulizwa kiholela, wadudu marafiki nao hufa.

Gharama ya kuchelewa kuwazuia wadudu inajulikana. Vidukari wa saipresi walionekana Malawi mwaka 1986, wakafika Kenya mwaka 1990, na nyua nyingi za saipresi zikakauka tawi baada ya tawi. Ikabidi waletwe nyigu wadogo kutoka Ulaya, wanaotaga mayai ndani ya vidukari hao.

Manispaa na wakandarasi wanaonunua miche kwa wingi waandike masharti kwenye zabuni: kiriba kisicho na ndago, mizizi isiyo na vinundu, na miche mipya itengwe kabla ya kuchanganywa na mingine. KEPHIS nchini Kenya na TPHPA nchini Tanzania zina jukumu la afya ya mimea; vitalu vya barabarani visisahauliwe. Mnunuzi wa mche mmoja naye aombe kiriba kifunguliwe, aone mizizi kabla ya kulipa.