Tukisema "yeye" tu, nani mwenye kosa?

Toleo lililopita tuliahidi kuzungumzia mama wakwe wa kwenye runinga. Ahadi ni deni, tunalilipa. Lakini tunawaomba radhi mapema: tulianza kwa mchezo, tukamalizia pahali ambapo hatukupatarajia.

Ilikuwa Ijumaa jioni, mkutano wa kawaida wa chama. Nje mvua ya Guangzhou inamwagika kama kawaida yake ya Mei, ndani tuna chai ya maziwa na mandazi yaliyoletwa na mwenzetu mmoja kutoka Xiaobei. Tulikuwa kumi na wanne. Mmoja wetu akasoma kadi hii:

"Yeye ndiye anayeshika fedha za nyumba. Akisema jambo, limekwisha. Humkaripia mwenzake hata mbele ya wageni. Alimkataa mchumba wa mwanawe wa kwanza bila kumsikiliza. Lakini hakuna mtoto wa nyumba ile aliyelala na njaa, wala aliyekosa ada."

Swali lilikuwa moja: kama mtu huyu angekuwa mhusika wa tamthilia, ungempa mwisho gani?

Tuliandika kila mtu karatasi yake. Karibu wote tuliona baba. Tulimwita "mzee". Tukaandika kwamba ni mkali lakini ana mapenzi, kwamba dunia imemfanya mgumu, kwamba mwishoni watoto watamwelewa na watakaa naye barazani. Mmoja alimpa mpaka hotuba ya arusi.

Kisha msomaji wa kadi akasema, "Haya, sasa yeye ni mwanamke. Andikeni tena."

Jamani! Sentensi ni zilezile, hakuna neno lililobadilika. Lakini mara hii tulimfanya augue. Tulimfanya afukuzwe na mwanawe. Tulimpigisha magoti mbele ya mkamwana aombe msamaha. Wawili waliandika kwamba ana mganga. Mmoja aliandika, "Afe peke yake," na sote tukacheka.

Tuseme ukweli, sarufi haikutusukuma. Kiswahili kinasema "yeye" kwa mwanamume na kwa mwanamke. Kichina cha kusema nacho ni hivyo hivyo: "ta" ni "ta" tu, mpaka uandike ndipo herufi mbili zinatengana, na hata herufi hiyo ya kike ilianza kutumika hivyo katika karne ya 20 tu. Sisi tuliokulia kati ya lugha hizi mbili hatulazimiki kutaja jinsia tunaposimulia kosa la mtu. Hukumu ile tumeitoa wapi basi? Tumeitoa sebuleni, mbele ya runinga.

Tuchukue tamthilia ambayo nyumba nyingi zetu zinaijua. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilianza kuonyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake. Watu waliipenda kweli. Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013, aliitaja kwa jina. Doudou ni muuguzi. Anaolewa na Yu Wei, kijana ambaye wazazi wake walitengana na baba akaoa tena. Kwa hiyo Doudou anapata mama wakwe wawili, na kila mmoja ana madai yake.

Tulipoirudia mwaka huu, tuliona jambo ambalo tulipokuwa wadogo lilitupita. Yu Wei ana kasoro: huwaambia wanawake wake uongo mdogo mdogo ili kila upande utulie. Sisi watazamaji tunaiita kasoro hiyo hekima, na tunasema mume ndiye huyu. Mama yake naye ana kasoro: anadai, ananuna, anahesabu kila senti. Hiyo tunaiita roho mbaya. Na baba? Mama wakwe wamekuwa wawili kwa sababu yeye alioa mara mbili. Lakini jina la tamthilia halimtaji. Limewataja wanawake watatu, yeye amepita pembeni kimya kimya.

Hatusemi tamthilia ile ni mbaya. Sifa yake kubwa ni kwamba Doudou mwenyewe anaruhusiwa kukosea. Ana mdomo, anakasirika, anajibu, na hapigwi na radi kwa ajili hiyo. Tena mama mkwe anapewa nafasi ya kuonyesha uchungu wa mwanamke aliyeachika. Zipo sinema zetu nyingi za Bongo ambazo hazimpi hata dakika moja. Mama mkwe akiingia tu, muziki unabadilika, na wewe mtazamaji umeshajua kwamba kibuyu cha mganga kiko njiani.

Mfano mwingine tulioutazama pamoja ni Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Ni Zanzibar ya wakati wa Mwingereza. Yasmin ameozwa mwanamume mwenye umri mkubwa kuliko wake, naye anamkimbia. Katika sinema nyingi tulizokulia nazo, mke anayekimbia hurudi analia kabla filamu haijakwisha. Hapa kamera inakaa naye, inamsubiri ajue anataka nini. Denge, mpigania uhuru anayempenda, naye si malaika: siasa ndiyo bibi yake wa kwanza. Wote wawili wamepimwa kwa kibaba kimoja. Hicho ndicho tunachokitaka. Hatuombi wanawake wa kwenye runinga wasafishwe wawe watakatifu. Tunaomba kosa la mwanamke lipewe sababu, kama linavyopewa la mwanamume.

Turudi kwenye Ijumaa ile. Tulipomaliza kucheka, yule aliyesoma kadi hakuwa anacheka. Akasema, "Kadi nimeandika mimi. Huyo ni mama yangu."

Chumba kilinyamaza. Mama yake wengi wetu tunamjua. Ni mfanyabiashara, amekuwa akipeleka viatu na nguo Kariakoo tangu binti yake akiwa mdogo. Ndiye anayesimama na wapakiaji mpaka kontena lifungwe, ndiye anayebishana bei kwa Kichina chake cha sokoni. Baba ni mtu mpole, kila mtu anamsifu. Mwenzetu akatuambia kwamba tangu utotoni, kila akitazama sinema yenye mwanamke mwenye sauti, alikuwa akijiuliza mama yake ataadhibiwa lini. "Nilikuwa namwonea haya," akasema. "Nilitamani awe kama mama wa wenzangu."

Yule aliyeandika "afe peke yake" aliomba radhi. Hatutamtaja, naye yumo katika "sisi" tunaoandika safu hii.

Usiku ule mwenzetu alimpigia mama yake akamsomea kadi nzima. Ametupa ruhusa tuandike alivyojibiwa. Mama alicheka kwanza, akasema, "Sasa ulitaka nifanye nini, mwanangu? Niwachekee wenye mizigo?" Kisha akanyamaza kidogo. "Lakini kwa yule mchumba wa dada yako nilikosea. Hilo mwambie dada yako nimelisema."

Katika tamthilia tulizozizoea, maneno hayo angeyatoa kitandani hospitali, akiwa amekonda, muziki wa huzuni nyuma yake. Yeye aliyasema jikoni, akimenya vitunguu, na kesho yake alikuwa sokoni saa mbili asubuhi.

Wasomaji wetu, kazi ya toleo lijalo ni hii. Chagua mhusika mmoja unayemchukia katika tamthilia unayoifuata sasa. Msimulie kwa "yeye" tu, sentensi tano, bila jina wala cheo cha kumtambulisha. Mpe rafiki asome, mwulize angempa mwisho gani. Tuletee majibu yote mawili, lake na lako. Tutachapa yale yanayotutia aibu zaidi, tukianzia na yetu.